Jengo la Mtaa wa L: wakopeshaji wa nyumba walipolemewa na mkopo wao wenyewe

Desemba 2009 mamilioni ya Wamarekani walikuwa wakiishi katika nyumba zenye thamani ndogo kuliko deni lililozikalia. Baadhi yao, tena wenye kazi na mshahara, walikuwa wameanza kupiga hesabu ya kuacha kulipa na kuirudishia benki funguo. Gazeti la Wall Street Journal lilipoandika habari zao lilimuuliza John Courson, rais wa chama cha wakopeshaji wa nyumba kiitwacho Mortgage Bankers Association. Courson hakuanza na sheria wala riba. Alirudisha swali: watu hao wanawapelekea ujumbe gani jamaa zao, watoto wao na marafiki zao?

Ni swali zuri. Mama yangu angeuliza hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi.

Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Februari 2010, chama hicho hicho kiliuza makao yake makuu, namba 1331 Mtaa wa L, Washington, kwa dola milioni 41.3. Kilikuwa kimelinunua jengo hilo kwa milioni 79, na milioni 75 kati ya hizo zilikuwa za mkopo. Courson alipoulizwa kama chama kitalimaliza deni lote, alikataa kusema.

Mimi kisa hiki nilikisikia kwanza kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyekuwa Maryland, mwendo mfupi tu kutoka jengo lenyewe. Nilikuwa afisa mikopo katika benki moja Mombasa, kwa hiyo kwake nilikuwa mtu wa upande wa pili wa meza. Alinipigia saa tano usiku.

"Shemeji, wewe mtu wa benki, niambie ukweli. Hawa wenye mikopo wenyewe wameliachia jengo. Mimi hapa nalipia kitu ambacho hakipo. Kwa nini nisiache?"

"Nyumba ipo, shemeji. Jana umelala ndani yake."

"Nyumba ipo. Pesa haipo."

Yeye alikuwa akidaiwa dola 310,000. Nyumba ya jirani yake, ramani ile ile, vyumba vile vile, ilikuwa imeuzwa 190,000. Alikuwa akiendesha basi la shule na mkewe ni muuguzi, na hawakuwa wamekosa hata mwezi mmoja. Uwezo walikuwa nao. Kilichokuwa kikimtafuna ni hesabu: kila mwezi anatoa pesa kulipia laki moja na ishirini elfu za dola ambazo zimeyeyuka na hazina dalili ya kurudi.

Usiku ule sikumjibu vizuri. Nilimwambia dawa ya deni kulipa, naye akanyamaza kwa heshima, kama mtu anavyomnyamazia mzee. Nilianza kukifuatilia kisa cha Mtaa wa L ili nipate jibu linalomstahili.

Hesabu za wenye hesabu zao

Chama chenyewe si cha juzi. Kilianzishwa mwaka 1914, enzi ambayo mikopo iliyokuwa ikisumbua ni ya mashamba, na kazi yake ni kuwasemea wakopeshaji mbele ya Bunge na serikali. Ukitafuta watu waliotakiwa kujua mwelekeo wa bei za majengo mwaka 2007, hawa ndio.

Na mwaka 2007 ndio waliokubali kununua. Jengo lilikuwa jipya, ghorofa kumi, katikati ya jiji. Nafasi ilizidi mahitaji yao, hivyo sehemu ya jengo ilikuwa ya kupangisha. Hesabu hii anaijua kila mtu aliyejenga Bamburi au Kisauni: ghorofa nne, ukae juu, upangishe tatu za chini, wapangaji wakusaidie kulipa benki. Haina ubaya wowote. Ubaya wake huanza pale wapangaji wasipokuja.

Hawakuja. Kampuni kubwa ya mikopo hatarishi, New Century, ilikuwa imeomba ulinzi wa mufilisi Aprili 2007, na nyingine zikafuata. Kila kampuni iliyokufa ilikuwa mwanachama aliyepotea au mteja aliyepotea. Ada zikapungua, kodi za ofisi Washington zikashuka, na chama kikahamia mwaka 2008 ndani ya jengo lenye nafasi isiyo na mtu. Mwaka 2009 kikatangaza kwamba kitauza na kwenda kupanga kwingine.

Hebu tuangalie kianzio, yaani pesa anayotoa mnunuzi mwenyewe. Milioni nne katika 79 ni asilimia tano na kidogo. Miaka ile mtu wa kawaida aliyenunua nyumba kwa kianzio cha asilimia tano alisimangwa hadi redioni kwamba alijitwika mzigo usio wake, alitaka makuu, hakusoma maandishi madogo. Chama cha wataalamu wa maandishi madogo kilinunua kwa kianzio hicho hicho, mwaka ule ule, na kikaangushwa na kitu kile kile: imani kwamba bei haishuki. Nalitaja hili kwa sababu katika mjadala wa wajibu wa mtu binafsi huwa tunaanzia kwenye siku ya kuacha kulipa, wakati kosa, kama lipo, mara nyingi lilifanyika siku ya kutia saini. Na siku hiyo walikuwa watu wawili mezani.

Je, walitoroka?

Hapa lazima niwatendee haki, maana mwaka ule walichekwa sana. Oktoba 2010 hata kipindi kimoja cha dhihaka cha televisheni kiliwafanyia mzaha mrefu. Lakini hawakutupa funguo mlangoni na kuondoka usiku. Jengo lililowekwa rehani huwezi kumkabidhi mnunuzi likiwa safi mpaka mwenye rehani aachilie haki yake. Kwa hiyo chini ya kila mauzo ya namna hii, bei ikiwa ndogo kuliko deni, kuna kikao: mdaiwa anasema hiki ndicho kilichopo sokoni, mkopeshaji anapiga hesabu za kwake, anaona mnada utamletea kidogo zaidi au utamchelewesha, anakubali. Wakopeshaji wao, wakiongozwa na benki ya PNC, walikuwa na wanasheria wao. Hakuna aliyedanganywa.

Pengo bado ni kubwa. Kati ya mkopo wa awali wa milioni 75 na bei ya milioni 41.3 kuna karibu milioni 34. Nani aliyabeba, na kwa sehemu gani, chama hakikutaka kusema, na hiyo ni haki ya mdaiwa yeyote. Courson angeweza kuwaachia haki hiyo hiyo wenye nyumba wa Nevada na Florida, badala ya kuwauliza kuhusu watoto wao.

Kwa hiyo kosa ninaloliona Mtaa wa L haliko kwenye mauzo. Mauzo yalikuwa ya busara, na kama wangenijia kwenye dawati langu ningewashauri hivyo hivyo: uza, kubaliana na mwenye mkopo, hamia pa kupanga, usiendelee kuvuja damu. Kosa liko kwenye kuwa na kipimo kimoja cha jengo la ofisi na kingine cha nyumba ya dereva wa basi.

Ahadi ndani ya karatasi

Wanaotetea kuacha kulipa wana hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani. Mkopo wa nyumba ni karatasi mbili. Ya kwanza inasema nitalipa. Ya pili inasema nisipolipa, nyumba ni yako. Mkopeshaji ameandika zote mbili mwenyewe, amepanga riba akijua kwamba asilimia fulani ya watu wataishia kwenye ile ya pili, na mwenye kianzio kidogo amemtoza zaidi kwa sababu hiyo. Katika jimbo la California, sheria iliyotungwa wakati wa Mdororo Mkuu, mwaka 1933, inamzuia kwa kawaida mkopeshaji aliyekukopesha kununua nyumba ya kuishi asikufuate kwa deni linalobaki baada ya nyumba kuuzwa. Benki inayokopesha Los Angeles inalijua hilo kabla kalamu haijagusa karatasi. Mtu wa huko akisema chukueni nyumba yenu, amelipa kwa sarafu ambayo mkataba ulikubali.

Mwanasheria Brent White wa Chuo Kikuu cha Arizona aliandika mwaka 2009 kwamba jambo la kushangaza ni uchache wa wanaoondoka. Kwa mamilioni ya watu kubaki ilikuwa hasara tupu, na bado walibaki. Aliona wameshikwa na aibu na hofu, tena aibu inayokuzwa kwa makusudi na serikali na wakopeshaji, wakati wakopeshaji wenyewe wanaongozwa na faida tu. Mwaka huo huo wachumi watatu, Luigi Guiso, Paola Sapienza na Luigi Zingales, walipowahoji Wamarekani walikuta zaidi ya asilimia 80 wakiona ni dhambi ya kimaadili kuacha kulipa mkopo unaoweza kuulipa. Pengo kati ya deni na bei ya nyumba likiwa chini ya asilimia 10 ya thamani ya nyumba, hakuna aliyesema angeondoka. Likifika asilimia 50, asilimia 17 walisema wangeondoka hata kama uwezo upo. Na aliyemjua mtu aliyekwisha kuondoka alikuwa mwepesi zaidi wa kusema naye angeondoka. Aibu, kumbe, ni kama ukuta wa matofali bila saruji. Unasimama mpaka mmoja achomoe tofali.

Sasa mimi nimelelewa pwani. Kwetu maiti haijaswaliwa, mtu wa familia husimama akasema: kama kuna aliyekuwa akimdai marehemu, aje awaone wanawe. Nimesikia maneno hayo mara nyingi mno kuamini kwamba deni ni karatasi tu. Mtume mwenyewe alijizuia kumswalia aliyekufa na deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Mwenye kukua na hayo hawezi kuambiwa na profesa wa Arizona kwamba aondoke tu.

Lakini nilipokaa upande wa benki niliona jambo ambalo lile tangazo la msibani haliligusi. Mteja wetu wa mkopo wa nyumba akifariki, benki haiendi matangani. Inakwenda kwenye faili, inatoa bima ya mkopo ambayo marehemu aliilipia tangu mwezi wa kwanza, inajaza fomu. Kifo chake tulikwisha kukipigia bei. Vivyo hivyo kufukuzwa kwake kazi, kwa kadiri fulani, na kuanguka kwa bei, kwa kadiri fulani. Yule aliyekukopesha shilingi elfu tano kutoka kwenye pesa ya ada ya mwanawe hakukupigia bei. Alikuamini, basi. Madeni haya mawili tunayaita kwa jina moja kwa sababu lugha yetu ilizoea lile la pili muda mrefu kabla ya lile la kwanza kuja.

Hapo ndipo naachana na pande zote mbili. Anayesema mkataba ni bei tu anasahau kwamba mtu aliposema nitalipa alimaanisha atalipa, na akilini mwake ile karatasi ya pili ilikuwa ya balaa. Hakuichukulia kama mlango wa kutokea. Kuugeuza mlango wa balaa kuwa mlango wa kawaida kwa sababu soko limekukera ni kubadilisha maana ya neno lako. Na anayesema ahadi ni ahadi anasahau kwamba upande wa pili haukuahidi chochote kwa moyo, na wala haukujifanya.

Aibu inavyogawanywa

Machi 2008, Waziri wa Fedha wa Marekani, Henry Paulson, alisema mwenye nyumba anayeweza kulipa lakini akachagua kuondoka kwa kuwa bei imeshuka ni mlanguzi tu asiyeheshimu wajibu wake. Juni 2010 shirika la Fannie Mae, linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, likatangaza kwamba atakayeondoka kwa hiari atanyimwa mikopo inayopitia kwake kwa miaka 7.

Katikati ya matangazo hayo mawili, Desemba 2009, benki ya Morgan Stanley iliamua kuwarudishia wakopeshaji majengo matano ya ofisi San Francisco, iliyoyanunua 2007. Januari 2010 kampuni za Tishman Speyer na BlackRock zikawasalimishia wakopeshaji Stuyvesant Town na Peter Cooper Village, mtaa mzima wa Manhattan wenye nyumba zaidi ya 11,000, ziliyoununua mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4. Magazeti ya biashara yaliandika kwamba zimefanya uamuzi wa kibiashara. Sikumsikia waziri akiuliza watoto wa wakurugenzi watajifunza nini.

Utetezi wa kampuni unajulikana: mkurugenzi anasimamia pesa za watu, akiendelea kulipia jengo lililokufa atakuwa amewaibia. Haya. Na baba wa watoto watatu anasimamia pesa za nani? Akiendelea kumwaga akiba ya shule kwenye nyumba iliyokufa, anamwibia nani? Sijapata mtu wa kunieleza kwa nini wajibu kwa wanahisa unaruhusu mtu kuvunja mkataba, na wajibu kwa wanao hauruhusu.

Tena tusidhani kwamba wakubwa wakiondoka hakuna anayeumia. Katika Stuyvesant Town mfuko wa pensheni wa watumishi wa California ulipoteza dola milioni 500, na wa Florida milioni 250. Ni walimu na wazima moto hao, na nadhani wengi wao hawakuwa wamewahi kuuona mtaa ule.

Upande wa shemeji

Nilimpigia baada ya wiki mbili. Jambo la kwanza nililomwambia halikuwa la maadili. Yeye yuko Maryland, si California. Huko mkopeshaji akiuza nyumba na isitoshe, anaweza kwenda mahakamani kudai salio. Angeondoka, deni lingemfuata hadi kwenye mshahara wa basi. Habari za watu waliotupa funguo na kuanza upya zilikuwa zikivuka mipaka ya majimbo haraka kuliko sheria zenyewe, na nadhani wengi waliumia kwa kuiga kisa cha jimbo lisilo lao.

La pili lilihusu mtaa. Alikuwa Prince George's, wilaya ya watu weusi wa tabaka la kati, mahali ambapo Waafrika wengi walinunua nyumba, na palipopigwa na mnada kuliko wilaya nyingine zote za Maryland. Nilimwomba anihesabie nyumba tupu za mtaani kwake. Akatoka nje na simu. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, ya kona, ya yule Mnaijeria, ile yenye mlango wa buluu, akafika nne akanyamaza. Ya Mnaijeria ndiyo iliyopakana na yake. Nyasi zilikuwa zimefika magotini.

"Sasa hizo nne," nikamwambia, "ndizo zilizokushushia bei. Ukiondoka wewe, yuko atakayehesabu tano."

"Kwa hiyo mimi nilipie makosa ya mtaa mzima?"

"Sijasema ulipe. Nasema benki siyo peke yake unayoiachia hasara."

Hili ndilo ninaloliona kuwa uzito halisi wa jambo, na ndilo lisilomo kwenye hoja ya mkataba. Jengo la Mtaa wa L lilipouzwa halikukaa tupu. Lilipata mnunuzi, taa zikaendelea kuwaka. Nyumba ya kuishi inayoachwa kimya kimya hukaa mwaka, miwili, mabomba yanaibwa, bwawa linaota mbu, na jirani aliyebaki analipa kwa thamani ya nyumba yake bila kuulizwa. Benki ilipiga bei ya hatari hiyo. Jirani hakupiga.

Shemeji akaomba mkopo upangwe upya chini ya mpango wa serikali uliokuwa umeanza 2009, ule uliolenga kushusha malipo ya mwezi hadi asilimia 31 ya kipato. Alituma makaratasi yale yale kwa faksi mara nne. Mara ya kwanza yalipotea, ya pili ukurasa mmoja ulikuwa na weusi, ya tatu mhudumu aliyekuwa akilishughulikia faili alikuwa ameacha kazi. Akalipa miezi mitatu ya majaribio, wakamwambia asubiri. Mwishowe riba ikashushwa. Deni lenyewe halikupunguzwa hata dola.

Nikiri hapa: kama ule mpango ungemkataa, na kama jimbo lake lingekuwa California, na kama angekwenda kwa mkopeshaji akasema waziwazi nimeshindwa kuona maana, tuuzeni, ningemuunga mkono. Uso kwa uso, nyumba ikiwa imefagiliwa.

Huku kwetu

Msomaji wa Nairobi au Dar atasema haya ni ya Wamarekani, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Huku huwezi kuondoka, kwa sababu deni haliachi kukuandama nyumba ikishauzwa. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya angalau miezi 3 ya kulipa malimbikizo, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, na atafute bei nzuri inayopatikana. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mwenzi kuridhia. Sheria ya Mabenki nayo inazuia riba ya mkopo uliokwama isizidi kile kiini cha deni kilichokuwapo ulipokwama. Yote hayo ni kinga, lakini baada ya dalali kugonga nyundo, salio ni lako, na jina lako liko kwenye orodha ya wasiolipa.

Kinachofanana na kisa chetu ni dhamana ya shamba la mzee. Kijana anakopea biashara, hati ni ya baba, biashara inakufa, kijana anazima simu na kuhamia mji mwingine. Huyo ameondoka kweli, na hakuna sheria ya California ya kumtetea. Nimekaa mezani na wazee wawili watatu waliokuja na bahasha ya notisi mkononi hawajui hata kiasi kilichokopwa. Mmoja aliniuliza kama anaweza kuvuna mahindi yaliyoko shambani kabla ya mnada.

Mwisho wa jengo

Aliyelinunua jengo la Mtaa wa L ni kampuni ya takwimu za majengo ya biashara, CoStar. Ililifanya makao yake makuu. Februari 2011, mwaka mmoja tu baadaye, ikaliuza kwa dola milioni 101 na kubaki ndani kama mpangaji. Jengo la ofisi hupimwa kwa wapangaji wake, na sasa lilikuwa na mpangaji wa uhakika wa mkataba mrefu, katika soko lililokuwa limeanza kupumua. Kuta ni zile zile ambazo wakopeshaji walikubali zithaminiwe milioni 41.

Nilimpigia shemeji kumwambia, nikidhani atakasirika. Simu iliita sana kabla hajapokea, na nyuma yake kulikuwa na ngurumo ikizima.

"Mia na moja?" akasema. "Kumbe jengo halikuwa na neno."

"Halikuwa na neno. Ulikuwa unafanya nini, mbona kelele?"

"Nakata nyasi."

"Saa hizi? Kwako ulikata juzi, umeniambia."

"Za huyu Mnaijeria. Nikiziacha nyoka wanahamia kwangu." Akaniambia atanipigia kesho, akaiwasha tena mashine.